Gouda kwa siku moja: njoo na njaa, ila usiishie sokoni

Naipa Gouda, mji mdogo wa Uholanzi, nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni kwa sababu ya soko la jibini lenyewe. Wengi watashangaa, maana soko ndilo linaloujaza mji huu wageni kila Alhamisi asubuhi, kuanzia Aprili hadi Agosti. Lakini ukiniuliza ni kipi kitanirudisha Gouda, nitakutajia kwanza kanisa, kisha duka la jibini lililojificha kichochoroni, kisha biskuti za shira zikiwa bado za moto. Soko litashika namba nne.

Kufika ni rahisi. Gouda iko katika mkoa wa Zuid-Holland, pale reli zinapokutana, na treni kutoka Rotterdam au Utrecht inachukua kama dakika 20. Mimi nilikuwa nimefikia kwa dada yangu Rotterdam. Huna haja ya kupanga foleni ya tiketi: kadi yako ya benki unaigusisha kwenye mashine unapoingia stesheni, na unaigusisha tena unapotoka. Ukisahau ya kutoka utakatwa zaidi ya nauli. Kutoka stesheni hadi Markt, uwanja mkuu wa mji, ni kama dakika 10 kwa miguu.

Alhamisi hiyo uwanja ulikuwa umeshapangwa. Mabonge ya njano yamelazwa safu kwa safu, wakulima wamevaa viatu vya mbao, farasi wamefungwa mikokoteni. Bonge moja la Gouda la kawaida lina kilo 12 au zaidi, hivyo kulinyanyua si mchezo. Mkulima na mnunuzi wanasimama uso kwa uso na kupigana viganja: kila kofi linakwenda na bei yake, mpaka mmoja akubali na kofi la mwisho lifunge biashara. Watoto wanapewa nafasi ya kujaribu, kamera zinafanya kazi, mtangazaji anaeleza kwa lugha kadhaa.

Linapendeza, sikatai. Shida ni kwamba pale hakuna kinachouzwa kwa kofi lile. Jibini la Uholanzi siku hizi linapata bei yake viwandani na maofisini, na kile unachokitazama ni kumbukumbu ya jinsi mambo yalivyokuwa. Mtu aliyewahi kusimama mnadani Pugu, ng'ombe wanauzwa kwa vumbi na kelele na hela halisi, baada ya robo saa ataanza kutazama saa yake. Kilichonikera zaidi ni baadhi ya maduka yanayouzunguka uwanja, yanayopanga jibini la kijani, la buluu na la zambarau kama sabuni za kuogea. Nilionja mawili matatu. Rangi nyingi, ladha ya maziwa hakuna.

Kilichonisaidia kulielewa soko ni jengo la De Waag, lililo hapohapo uwanjani. Ni nyumba ya mizani, ya mwaka 1668, iliyochorwa na msanifu Pieter Post. Ukutani kuna mchongo wa mawe unaoonyesha watu wakipima jibini. Uzito ndio uliokuwa msingi wa kutoza ushuru, kwa hiyo mkulima hakuwa na ujanja wa kulipita jengo hili. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia: jibini la Gouda halikuwa likitengenezwa Gouda. Lilitengenezwa kwenye mashamba ya pembeni, mjini likaletwa kuuzwa, na jina la soko ndilo lililobaki kwenye bidhaa. Ardhi ya huku ni ya mboji laini iliyojaa maji. Kadiri walivyokausha mabwawa ndivyo ardhi ilivyozidi kudidimia, nafaka zikashindwa, majani yakastawi. Penye majani wakaweka ng'ombe, na maziwa ambayo yangeharibika wakayageuza kitu cha kukaa miezi. Mji wenyewe bado unadidimia mpaka leo.

Katikati ya uwanja limesimama jumba la mji la karne ya 15, peke yake, bila jengo lolote la kuliegemea. Ni la mawe, lina minara myembamba iliyochongoka na mbao za madirisha zenye rangi nyekundu na nyeupe. Ubavuni kuna saa yenye vikaragosi vinavyotoka kila nusu saa kuigiza Floris V, mtawala wa Holland, akiipa Gouda hadhi ya mji mwaka 1272. Igizo ni fupi mno. Ukichelewa kuinua simu, limekwisha.

Sasa kanisa. Sint-Janskerk iko hatua chache nyuma ya uwanja, na kwa urefu wa mita 123 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ndilo kanisa refu kuliko yote Uholanzi. Kutoka nje huwezi kuliona lote, kwa sababu nyumba zimelibana. Unalipa kiingilio, unapita mlangoni, halafu unatulia mwenyewe bila kuambiwa. Kuna madirisha 72 ya vioo vya rangi, mengine marefu kama jengo la ghorofa kadhaa. Radi ililiunguza kanisa mwaka 1552, likajengwa upya, na wenye mji wakawaomba wakubwa wa nchi wachangie dirisha mojamoja. Kazi kubwa ilifanywa na ndugu wawili, Dirck na Wouter Crabeth, kati ya 1555 na 1571.

Chukua kifaa cha sauti, na kama una darubini ndogo ibebe, kwa sababu mambo mazuri yako juu sana. Mimi nilikaa muda mrefu kwenye madirisha mawili. La kwanza lilitolewa na Philip II, mfalme wa Hispania aliyekuwa akiitawala Uholanzi. Amejichoresha yeye na mkewe, Malkia Mary wa Uingereza, wamepiga magoti kwenye karamu ya mwisho ya Yesu. La pili lilitolewa na William wa Orange, likionyesha Yesu akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Wakati huo William alikuwa bado mtumishi wa Philip. Baadaye akaongoza uasi dhidi yake, Philip akatangaza donge nono kwa atakayemwua, na mwaka 1584 William akapigwa risasi mjini Delft. Zawadi zao zimo ndani ya jengo moja hadi leo, na jua lilelile linapita katika vioo vya wote wawili.

Na vioo hivi vilikuwa na kila sababu ya kuvunjwa. Mwaka 1573 kanisa lilihamia mikononi mwa Waprotestanti, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi sanamu na picha za kanisani zilikuwa zimeshapigwa mawe. Gouda waliviacha. Zaidi ya hapo, wakaendelea kuongeza vipya, na habari zikabadilika kutoka Biblia kwenda siasa. Dirisha la mwaka 1603 linaonyesha mji wa Leiden ukiokolewa mwaka 1574, pale waasi walipofungulia maji yafurike mashambani ili mashua zao zifike kuwavunja Wahispania waliouzingira. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, vioo viling'olewa na kufichwa. Nilitoka pale saa nane mchana, tumbo linanguruma.

Chakula basi. Maduka mazuri ya jibini hayako mbele ya uwanja. Ingia vichochoro vya nyuma, tafuta duka ambalo wazee wa pale wamepanga foleni. Omba kuonja, hawanuni. Jibini hupangwa kwa umri: jong ni changa la wiki chache, laini na la maziwamaziwa, belegen limekaa miezi kama minne, oud limekaribia mwaka au kuuvuka. Hilo la mwisho ndilo lililoniteka. Ni gumu, linavunjika badala ya kukatika, lina utamu wa sukari iliyoungua, na meno yanakutana na chembechembe nyeupe ambazo nilidhani ni chumvi. Muuzaji akanieleza kuwa zinatokana na protini inayovunjikavunjika na kuganda kuwa chembe kadiri jibini linavyozeeka. Utamu wenyewe unaanzia mbali: wakati wa kutengeneza, sehemu ya maji ya maziwa humwagwa na kuwekwa maji ya moto, hivyo sukari ya maziwa hupungua na jibini halichachuki sana. Bei hupanda na umri, na ni haki, kwa sababu jibini hupoteza maji na uzito miezi yote linapokaa rafuni.

Ukiona neno boerenkaas, hilo ni la shambani, la maziwa mabichi, na mimi ndilo nililobeba. Usibabaishwe na neno Gouda peke yake, kwani jina hilo kila nchi inalitumia; hata Kenya wanatengeneza Gouda yao na inauzwa Nairobi. Linalolindwa na sheria za Ulaya ni Gouda Holland, ambalo lazima litoke Uholanzi. Kwa ndugu zangu Waislamu: kigandishi cha asili hutoka kwenye tumbo la ndama, basi uliza lenye kigandishi cha mimea. Wauzaji wanalijua swali hilo na hawakushangai.

Biskuti za shira, stroopwafel, zilizaliwa mji huu. Vipande viwili vyembamba, shira nzito katikati. Wale wa Kamphuisen, pale Markt, wanajivunia mwaka 1810 kwenye jina lao. Mimi nilinunua kibandani, zinaokwa mbele yako na kupasuliwa zikiwa bado za moto. Za pakiti niliwaachia watoto wa dada.

Makumbusho ya Museum Gouda, ndani ya hospitali ya zamani, niliyapita haraka. Kuna viko vya udongo, ambavyo vilikuwa biashara kubwa hapa karne ya 17 na 18, na vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi. Mwenye kupenda vitu hivyo atafurahi. Mimi miguu ilikuwa imeshachoka. Kinu cha upepo cha De Roode Leeuw nacho kiko karibu, kwa nje kinatosha.

Ushauri wa siku. Kama unachotaka hasa ni picha za onyesho, nenda Alkmaar siku ya Ijumaa, ambako wabebaji wa chama chao cha tangu 1593 wanakimbia na machela za jibini wakiwa na kofia za rangi. Ni kubwa na wanalicheza vizuri zaidi. Gouda nenda Jumamosi, siku ya soko la kawaida la wenyeji, lenye samaki, mboga na mabanda ya jibini wanalonunua wao wenyewe. Epuka Jumapili, kwa kuwa kanisa linakuwa na ibada na watalii hawaingii. Jumatatu maduka mengi hufungua mchana, hivyo ukienda siku hiyo anza na vioo. Na duka lolote litakufungia jibini kwenye mfuko usio na hewa ukisema unasafiri, ila angalia kwanza nchi yako inaruhusu nini uwanja wa ndege.