Wakala wa mizigo jirani na bandari ya Mtwara: upakiaji safi, ankara ya kubanana nayo

Kwa korosho ghafi, hawa wanajua kazi. Kabla ya kupakia, kijana anajifungia ndani ya kontena la futi 20 kutazama kama mwanga unapenya. Tundu la msumari tu linatosha kulowesha magunia. Ukutani wanatandika karatasi ngumu, juu wananing'iniza mifuko ya kunyonya unyevu, maana kontena likiwa baharini hutoa jasho na magunia ya juu ndiyo huota ukungu. Uzito uliothibitishwa wa kontena pamoja na mzigo wake wanauwasilisha mapema. Tangu Julai 2016, kontena lisilo nao halipandi melini.

Kasoro ni ankara. "Gharama za bandari" imebeba kila kitu! Dai mchanganuo: tozo ya kuhifadhi mzigo ni ya bandari, faini ya kuchelewesha kontena ni ya kampuni ya meli. Na ukiuza kwa FOB (bei yako inaishia mzigo ukishapakiwa melini), nauli ya meli ni ya mnunuzi, isionekane kwako.

Rasimu ya hati ya shehena (bill of lading, hati ya kampuni ya meli ya kupokea mzigo) isome mwenyewe: namba ya kontena (herufi 4, tarakimu 7), namba ya lakiri (sili ya mlango wa kontena), idadi ya magunia. Meli ikishang'oa nanga, kurekebisha ni hela.