Yamaha F310: gita zuri, ila tenga jioni moja uiseti mwenyewe

Wengi wananiulizaga kama F310 inafaa kwa mtu anayeanza, jibu langu ni inafaa sana, ila usianze kujifunza nayo kabla hujaiseti, yaani kurekebisha shingo na urefu wa nyuzi. Nasema hivi kwasababu gita hili karibu limkatishe tamaa mpwa wangu kabisa na kosa halikua la kwake.

Nilimnunulia mwezi wa pili, binti wa dada yangu, yupo form two. Wiki tatu za mwanzo kila nikipita kwao Temeke namkuta nalo, alafu siku moja nakuta limeegeshwa nyuma ya mlango lina vumbi. Namuuliza vipi, ananiambia "Anko, vidole vyangu sio vya gita, sioni nikiweza." Kanionyesha ncha za vidole, zimechubuka kweli. Nikashika lile gita nikajaribu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F, mimi ninayepiga miaka mingi, nikalazimika kukaza mkono mpaka kwenye bega. Nikajua hapa shida sio mtoto.

Dukani nilipolinunua waliniambia imeshasetiwa, ni kuchukua na kupiga tu. Haikua imesetiwa. Niliweka rula ya chuma kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), uzi mnene wa E ulikua milimita 3.2 juu ya freti na ule mwembamba 2.5. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni juu sana, mi napenda mnene uwe kama 2.4 na mwembamba kati ya 1.8 na 1.9. Inaonekana kitu kidogo lakini mtoto anayekandamiza nyuzi za 12-53 (unene wa uzi mwembamba na mnene kwa maelfu ya inchi) anasikia kila nukta ya hiyo tofauti, hizo nyuzi sita zikiwa zimetyuniwa zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 70. Na sio maumivu tu, uzi ukiwa juu unapoukandamiza unavutika zaidi kwahiyo noti inapanda, ndo maana alikua anatyuni na simu vizuri kabisa alafu kodi zinatoka zimepinda, anadhani sikio lake bovu.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mjini, akaliangalia kwa jicho bila kupima chochote akasema shingo imepinda niache elfu themanini nirudi baada ya wiki mbili. Nikalichukua nikarudi nalo nyumbani, kwasababu mtu asiyepima hajui anatibu nini.

Sasa kuiseti kuna mpangilio na mpangilio wenyewe ndo siri, ukianza mwishoni utaharibu. Unaanza na shingo, unakuja kwenye sado (kile kijiti cheupe cha plastiki kinachokaa kwenye bridji, kile kibao cha usoni nyuzi zinapofungwa), alafu nati (kijiti kingine chenye mifereji ya nyuzi) kule juu karibu na kichwa. Na kabla ya yote gita lityuniwe kwenye sauti yake ya kawaida, kwasababu shingo unaipima ikiwa inavutwa na nyuzi, ukipima nyuzi zimelegea unapima kitu kingine.

Shingo haitakiwi kunyooka kama rula, inatakiwa iwe na kiupinde kidogo sana ili uzi upate nafasi ya kucheza. Unabana kapo (kibanio cha kukandamiza nyuzi zote) freti ya 1, mkono mwingine unakandamiza uzi mnene pale shingo inapokutana na mwili ambapo kwa F310 ni freti ya 14, hapo uzi wenyewe unakua ndo rula yako, alafu unaangalia nafasi iliyobaki kwenye freti ya 7. Kama huna kapo funga penseli na mpira, inatosha. Nafasi iwe kama milimita 0.1 mpaka 0.25. Utapimaje kitu chembamba hivyo? Nikakumbuka filagej, zile bleti za chuma za mafundi pikipiki za kupimia tapeti (nafasi ya valvu za injini). Nikaenda kwa kijana wa kijiweni kwetu nikamwomba, akanishangaa, "Bro, gita nalo lina tapeti?" Nikamwambia nitakurudishia kesho na soda juu. Bleti ya 0.40 ikapita bila kugusa. Kumbe shingo kweli ilikua imejikunja mbele kidogo, lakini hiyo ni kazi ya dakika tano.

Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, F310 unakifikia kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ndefu kupitia tundu la sauti. Ukizungusha kwenda kulia (mwelekeo wa saa) kinakaza na shingo inanyooka, ukizungusha kushoto kinalegea na upinde unaongezeka. Nililegeza nyuzi kwanza, nikazungusha robo, robo tu, nikatyuni tena nikaacha nusu saa ndo nikapima. Ikaja 0.20. Tafadhali mtu asikusukume ukazungusha mzunguko mzima kwa pupa, na ukisikia inakataa acha, kile chuma kikikatika ndani ya gita la bei hii gharama ya kulifufua inazidi gita lenyewe. Na hakikisha alenki imeingia mpaka mwisho, ikiingia nusu inakula kingo za tundu la kukazia kile chuma na hapo ndo umekwama.

Baada ya hapo uzi mnene ulikua 3.1, mwembamba 2.4. Watu wengi wanaendelea kukaza chuma cha shingo ili nyuzi zishuke, hapo wanakosea. Chuma ni cha upinde, urefu wa nyuzi unapunguzwa kwenye sado. Hesabu yake ni nyepesi, freti ya 12 iko katikati kabisa ya nati na sado, kwahiyo ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, sado unaipunguza milimita 2. Mimi nilihitaji mnene ushuke 0.7 na mwembamba 0.5, maana yake sado itoke 1.4 upande mnene na 1.0 upande mwembamba.

Hii sehemu niliifanya na mpwa wangu mwenyewe, nilitaka aone kwa macho yake. Tulilegeza nyuzi tukatoa pini zinazozishika kwenye bridji, sado ya kwetu haikua na gundi, nikaishika na plaizi niliyoiviringishia kitambaa ikatoka. Tukachora mstari wa penseli kwa chini, upande mmoja juu kidogo kuliko mwingine. Alafu tukachukua kioo cha dirisha kilichobaki stoo, tukabandika msasa wa namba 150 juu yake na selotepu, kwasababu meza inaonekana imenyooka ila haijanyooka, kioo ndo kimenyooka. Unaisimamisha sado wima, vidole viwili vikiishika chini kabisa karibu na msasa, unavuta kuja kwako, unanyanyua, unarudia. Usisugue mbele na nyuma, ukisugua inayumba na chini inakua mviringo, na chini pakiwa mviringo sado haikai vizuri kwenye bridji na sauti inapotea. Alikua anahesabu kwa sauti, kila ishirini tunasimama tunaiweka juu ya kioo kitupu na tochi ya simu nyuma yake, mwanga ukipenya chini tunajua wapi pamebaki. Vumbi jeupe likajaa mikononi kama unga wa sembe. Tulipofika kama milimita 1 tukasimama tukarudisha nyuzi tukapima, kwasababu plastiki ukiondoa huirudishi. Ndo tukamalizia. Mwisho msasa wa 400 mara chache ili pawe laini.

Ukirudisha nyuzi kuna kitu kidogo hapa, kile kidude cha mwisho wa uzi kisikae kwenye ncha ya pini. Ingiza uzi, weka pini, alafu vuta uzi juu huku umekandamiza pini mpaka usikie kimejishika kwenye mbao kwa ndani. Pini zinazoruka ukikaza ni kwasababu ya hiki. Mi niliweka D'Addario EJ16 ambazo ni 12-53, unene uleule, kwasababu ukibadili unene mvutano unabadilika na vipimo vyote unaanza upya. Na wale mnaofunga nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni tafadhali acheni, lile halikuundwa kubeba mvutano huo, bridji itang'oka.

Nati ndo sehemu ya kuogopa. Kandamiza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3 alafu angalia juu ya freti ya 1, iwepo nafasi ndogo kama unywele, uzi ukigongwa na kidole usikike tik. Kama ni kubwa zaidi ya hapo kodi za F, C na D zitakua ngumu na zitapanda sauti. Ya kwetu nyuzi mbili, G na B, zilikua juu. Faili zake maalum ni ghali, nikaenda Gerezani, mtaa wa hapa Dar, nikanunua vile vivaya vya mafundi wa kuchomelea vya kusafishia nozo za gesi, vina meno madogo na unene tofauti, unachagua kinachozidi uzi wako kidogo sana. Mipapaso mitatu, rudisha uzi, angalia, tena mitatu. Kama mkono wako hautulii iache nati, sado peke yake inakupa asilimia kubwa ya raha.

Sasa gita lenyewe baada ya yote haya. Sauti yake iko wazi, ina nguvu kwa kupiga kodi kanisani au barazani, urefu wa nyuzi kutoka nati mpaka sado ni milimita 634 ambao kwa mikono midogo ni nafuu. Freti zote 20 zilikua sawa, hakuna iliyonyanyuka, na hiyo ndo sababu nainunua Yamaha kuliko magita yasiyo na jina ambayo ukishusha nyuzi zinaanza kuguna freti ya 5 na huna la kufanya. Uso wake ni mbao ya plai, haitakua tamu zaidi kwa kuzeeka kama mbao nzima, ila plai inavumilia joto la Dar. Kinachoniudhi ni sado na nati za plastiki, na vikazio vya kichwani ni vyepesi, uzi wa B wetu unashuka kila siku.

Halafu mkae mkijua hii pwani yetu ina unyevu. Masika mbao inavimba, uso unanyanyuka na nyuzi zinapanda nao, sisi tulipima tena mwezi wa tano uzi mnene ulikua umepanda kwenye 2.6, kipupwe kilipoingia ukarudi wenyewe. Kwahiyo usikimbilie msasa wakati wa mvua. Lihifadhi kwenye begi lake na vile vipakti vya kunyonya unyevu, na usiliache kwenye gari juani, gundi ya bridji inalainika.

Gita naipa nyota nne, ingekua tano wangeisetia kweli kabla ya kuuza. Mpwa wangu wiki ile ile alirudi kwenye F, siku ya tatu dada kanipigia anasema huku hatulali. Wiki iliyopita kaleta gita la rafiki yake wa shuleni, amelipima mwenyewe kaandika kwenye daftari, 3.4 na 2.7, anataka filagej. Nikamwambia ile ni ya watu, Jumamosi tunaenda wote Gerezani kununua ya kwake.