Kabla ya hema nunua cha kulalia: vitu vya kempu kwa sisi wa Dodoma, nimevipanga

Mbukwa wandugu. Kila ukifika mwezi wa sita naanza kupata meseji za watu wanaotaka kwenda kulala porini wikiendi, wengine Mtera, wengine Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, na swali ni lile lile tu, hema zuri linauzwa wapi. Hakuna anayeuliza atalalia nini. Na mimi nilikua hivyo hivyo kwa hiyo siwacheki.

Nilivyoenda Kolo mara ya kwanza (kwa asiyepajua ni kule mbele ya Kondoa mjini, michoro yake iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, nenda kaione) nilikua na hema jipya na godoro la kujaza upepo, lile la bluu lenye kimanyoya juu, nikajiona mfalme. Saa nane usiku nasikia mgongo umegusa jiwe. Nikawasha tochi ya simu, nikawa nalipapasa godoro taratibu shavu likiwa karibu, nikasikia kaupepo kanatoka, na pale pale mbigili moja imejikita, ndogo kuliko punje ya mahindi, imeingia na soksi zangu mwenyewe. Mbigili moja tu! Nilikaa nimejikunyata na taulo mpaka kunakucha, na hema langu la bei mbaya limesimama vizuri kabisa halina msaada wowote.

Dodoma tuko juu bwana, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai usiku joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na ile baridi inayokutesa inatokea chini, ardhi inakunyonya joto usiku kucha na blanketi ulilolalia umeshalikandamiza halina hewa ndani, kwa hiyo halizuii kitu. Mvua ya maana huku kuanzia Mei mpaka karibu Desemba hakuna, so hela yako ya kwanza ipeleke chini ya mgongo.

Namba moja kwangu ni sponji ya kukata. Usiende duka la vifaa vya watalii, nenda kwa mafundi makochi, mwambie unataka sponji ngumu ya inchi mbili, urefu wako wewe, upana futi mbili na nusu, akushonee kava, chini turubai juu kitambaa. Kabla hajakata iweke mezani upige goti, kama goti linaisikia meza achana nayo, hiyo ni ya kujazia mito. Unaikunja kama chapati unaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli basi. Mbigili ikiingia iingie tu, haina cha kutoboa. Kasoro yake ni kubwa, ukiipakia kwenye boda utadhani umebeba gogo.

Namba mbili ile mikeka ya povu ya mazoezi. Myepesi, kama mnatembea kwa miguu hii ndo yenyewe, ila mmoja hautoshi hata kidogo, weka miwili ukilala juu yake ndo utaelewa. Namba tatu mkeka wa kawaida wa nyumbani na mablanketi mawili ya mtumba yaliyokunjwa chini, hii haikugharimu kitu na kusema ukweli inalishinda godoro la upepo, ambalo mimi naliweka mwisho kabisa, maana hata lisipotoboka hewa ya ndani ikipoa usiku linalegea lenyewe, na hiyo hewa baridi ndo umeilalia. Linunue kama unalala ndani ya gari.

Juu ya hapo begi la kulalia la mtumba linatosha, ukilipata vuta zipu yote mpaka mwisho mara tatu, linuse, lifue, lianike jua la Dodoma siku mbili. Ukikosa, blanketi zito.

Haya, hema sasa. Likiandikwa watu wanne maana yake watu wanne wamelala kama dagaa bila mabegi, kwa hiyo wawili nunueni la wanne. Kati ya jipya la Kichina la bei rahisi na la mtumba zuri mimi nachukua la mtumba, lakini lifungue lote hapo hapo hata muuzaji akinuna, ingiza mkono ndani ya kitambaa cha juu, kama linanata kama gundi au linamwaga unga mweupe ile dawa ya kuzuia maji imeshakufa. Zile fimbo zake angalia viungo, za plastiki ngumu zikianza kuchanika nyuzi nyuzi zitakuchoma vidole na upepo wa Agosti utazimaliza. Yale mahema ya kurusha yanajifungua yenyewe yanapendeza kwenye video, kwenye upepo wetu utalikimbiza. Na kitu kingine, mtumbani utakuta mahema na majaketi ya mabaka ya jeshi, yaache hapo hapo hata yauzwe bure, JWTZ mwaka 2023 walitoa siku saba watu wasalimishe mavazi ya namna hiyo, usijitafutie kesi kwa ajili ya wikiendi moja.

Vile vigingi vya waya vinavyokuja na hema vitupe. Ardhi yetu kiangazi ni saruji, vinapinda kigingi cha kwanza tu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie nondo za milimita 8, urefu wa sentimita 25 hivi, akunje kichwa, nane zinatosha, mimi zangu nina mwaka wa nne na nyundo ni jiwe lolote. Af usifunge hema kwenye korongo eti mchanga ni laini, mvua ikinyesha huko juu maji yanakuja wewe hujaona hata wingu.

Taa: tochi ya kichwani, mikono inabaki huru, na asubuhi kung'uta viatu kwanza nge wanapenda humo. Jiko: kwa gari beba mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, kwa miguu kuni za hapo hapo kama sehemu mliyolala inaruhusu moto. Mkaa sawa ila kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya hema hata kama mnatetemeka, ile hewa yake haina harufu na watu hawaamki.

Viti vya kukunja sinunui. Nina ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ndani inabeba sufuria, sahani, unga na kiberiti, panya hawaingii, na tukifika naigeuza nakalia.