Rula ya mraba ya inchi 6½ kwa kusawazisha vipande vya kwilti: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa kwa wasiopenda maelezo marefu: inafaa, nunua, ila usitegemee ikufanyie kazi ya cherehani. Naongelea ile rula ya plastiki ngumu unayoona kitambaa chini yake, mraba, ina mistari ya kila robo inchi na vialama vya moja ya nane, afu mstari mmoja wa ulalo unaokatiza kona mpaka kona kwa digrii 45. Mimi nashona kwilti, yaani yale mablanketi ya viraka vilivyoungwa, na muda mrefu nilikuwa na rula ndefu tu, ya 6 kwa 24, ambayo kwa kukata kitambaa kuwa mikanda haina mpinzani, lakini ukitaka kusawazisha kipande cha inchi 3 nayo ni sawa na kukata kucha kwa panga.

Kama unajiuliza mbona 6½ na sio 6, ni kwa sababu bloku ya inchi 6, yaani mraba mmoja wa kwilti ulioungwa kwa vipande vidogo, kabla haijaunganishwa na wenzake inapaswa kusoma 6½, manake kila upande robo inchi itaingia kwenye mshono. Kwa hiyo bloku nzima inaenea chini ya rula bila kuhamahamisha, na hapo ndo unapata raha yake.

Kazi yake kubwa kwangu ni ile miraba ya pembetatu mbili, giza upande mmoja mwanga upande wa pili. Tuseme unataka uwe inchi 3 ukishamaliza kwilti, basi kabla ya kuunganishwa uwe 3½. Hesabu inayofundishwa sana inasema kata miraba miwili ya 3⅞, iweke uso kwa uso, chora mstari wa ulalo, shona robo inchi huku na huku ya mstari, kata katikati, umepata viwili. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haikuachii kitu, kitambaa kikisogea kidogo tu chini ya sindano umeshapungukiwa na hakuna wa kukurudishia. Mi nakata 4 kamili. Hiyo moja ya nane ya ziada naenda kuikata kwa rula, na ukikata pande zote nne kipande kinakuwa mraba kweli, sio cha kuvutavuta na pini.

Namna ninavyofanya: kipande kikishapigwa pasi na kufunguka, naweka mstari wa ulalo JUU YA MSHONO, narudia, juu ya mshono, sio kwenye pembe za kitambaa, manake pembe ndo zimepinda na ndo unataka kuzinyoosha, ukizifuata utakuwa umenyoosha rula ifuate upotovu. Nasogeza mpaka nione kitambaa kimetokeza kidogo pande zote nne kupita ile 3½, nakata kulia, nakata juu. Nageuza kipande nusu mzunguko, zile pande mbili zilizokwisha kukatwa nazilaza kwenye mistari ya 3½, ulalo tena juu ya mshono, nakata mbili zilizobaki. Basi. Vijipembe vile vinavyochomoza kwenye kona navyo vinaondoka humohumo. Ukiwa na mkeka wa kukatia unaozunguka ni bora zaidi, kitambaa hakiguswi, unazungusha mkeka wenyewe.

Kuna rula nyingine zina mfereji upande wa chini, unakaa juu ya uvimbe wa mshono na kuushika usisogee. Nimezijaribu ni tamu kweli, lakini zinataka mshono uwe umelazwa upande mmoja, wewe unayefungua mishono pande mbili mfereji hauna cha kukamata. Na nyingi ni za kazi hiyo moja, wakati hii ya kawaida natumia hata kwa vile vipande vya pembetatu kubwa katikati na ndogo mbili pembeni, vinavyofanya ncha za nyota. Kwenye kipande cha 3½ kwa 6½, ile ncha ya pembetatu kubwa naiweka pale mstari wa 3¼ unapokutana na mstari wa robo inchi kutoka juu, na hiyo robo juu ya ncha ndo uhai wa kipande, ukiikata ncha inamezwa na mshono unaofuata na huna nyota tena una kitu butu.

Sasa malalamiko. La kwanza mistari. Ya kwangu ni ya njano peke yake, kwenye kitambaa cheupe au cha maziwa huoni kitu, unakaa unainamisha kichwa kutafuta mwanga, kama unanunua tafuta yenye rangi mbili. Pia mstari wenyewe una unene, kwa hiyo amua mapema kama ukingo wa kitambaa utakaa chini ya mstari au utaugusa tu kwa pembeni, vyovyote sawa, ila ukishaamua usibadilishe mpaka kwilti iishe. Na usichanganye rula za watengenezaji tofauti kwenye kazi moja, zinatofautiana kiduchu na hicho kiduchu utakilipia mbele.

La pili inateleza. Ukikandamiza na kisu kikapita kwa nguvu inazunguka kidogo na kona inakwenda na maji. Nimebandika vipande vidogo vya msasa chini kwenye kona nne, tatizo likaisha, lakini kwa kitu kinachouzwa kwa ajili ya usahihi nilitegemea waje na kitu cha kuzuia kuteleza wenyewe. Na vidole viwe mbali na ukingo jamani, kile kisu cha gurudumu hakijui kitambaa wala ngozi. Kwa wasiokijua ni kile Olfa walichotoa mwaka 1979, kiwembe cha duara kinachobingirika. Cha milimita 45 kinatosha kwa kazi zote hizi. Ukiona kinaruka nyuzi mahali pale pale kila mzunguko kiwembe kina pengo, badilisha, usikandamize zaidi.

Ila nije kwenye lililonifanya niandike, manake naona watu wengi wanaisifia au kuiponda kwa sababu zisizo zake. Wanashona bloku nzima hovyohovyo, ya inchi 12, afu mwishoni ndo wanatoa rula eti wanasawazisha. Hapo umechelewa! Bloku ikishaungwa ncha zote zimeshakaa zilipokaa, ukikata ukingo unakata robo inchi ya kulinda ncha, inatoka mraba mzuri wenye nyota iliyokatwa vichwa. Rula inafanya kazi kwenye kipande kidogo kabla hakijaungwa na kingine, kila kipande, ndio inachosha, weka redio. Mwishoni pima tu, na kama kuna cha kukata kiwe nyuzi nyuzi zilizochomoza.

Na katikati ya kipande kidogo na bloku kuna cherehani, ambako rula haifiki. Mshono wa robo inchi ukinona kwa moja ya kumi na sita tu, unakula hiyo kwenye vipande vyote viwili vilivyoungwa, yaani moja ya nane kwa mshono mmoja, mstari wa vipande wenye mishono minne umeshapoteza nusu inchi. Nusu inchi! Na vipande ulivikata sawa kabisa kwa rula ya bei. Kipimo chake ni rahisi, kata mikanda mitatu ya upana wa inchi 1½, iunge, piga pasi, pima. Yote isome 3½ na ule wa katikati uwe inchi 1 kamili. Ukiwa chini ya hapo sogeza sindano kulia kidogo au sogeza kizuizi kinachoongoza ukingo wa kitambaa, manake kitambaa kikijikunja kwenye mshono kinakula unene wa uzi mmoja au miwili, kwa hiyo mshono unaotakiwa ni robo inchi pungufu kidogo, sio robo yenyewe. Mguu wa cherehani wenye kibati cha pembeni unasaidia sana ila nao upimwe hivyohivyo, usiuamini kwa sababu umeandikwa ¼. Na urefu wa kila hatua ya sindano uwe kama milimita 2 mpaka 2.5, mrefu zaidi ya hapo ukingo unafumuka wakati unakata.

Pasi pia. Kuna anayesukuma pasi huku na huku kama anapiga shati, na ile miraba ya pembetatu mshono wake uko kwenye ulalo wa kitambaa, unavutika, kipande kinatoka kimepinda kama kishada. Weka, inua, weka tena. Kwanza juu ya mshono ukiwa bado umefungwa, afu fungua, laza upande wa giza, bila mvuke mwingi, acha kipoe ndo upime. Kitambaa chepesi kinachonepa nakipiga wanga kabla hata sijakata, kinatulia chini ya rula vizuri ajabu. Ukilaza mishono ya jirani kwa kupishana, mmoja kushoto mmoja kulia, vikikutana vinashikana vyenyewe na makutano yanakaa bila vita.

Kwa wa mkono wa kushoto, namba za hii zimeanza kona moja tu, izungushe mpaka sifuri ije upande unaokatia, inafanya kazi ileile ila namba zitakuwa kichwa chini. Na kama bloku zako ni za 12, hii itakusaidia kwenye vipande vya ndani tu, ya kupimia bloku nzima chukua ya 12½ ya mtengenezaji huyohuyo.