Tai Inayojisokota: Ipi Ununue, Ipi Uipite

Malalamiko ninayoletewa kuhusu tai ni yale yale: "Asubuhi naifunga vizuri, ikifika saa sita imeshageuka, mgongo uko mbele." Anayelalamika huwa ameshajaribu kila fundo analolijua, amefundishwa upya na shemeji yake, na bado anaamini mikono yake ndiyo mibovu. Mikono haina kosa. Tai imekatwa vibaya, na hakuna fundo linalotibu mkato mbaya.

Kwa hiyo hapa sizungumzii rangi. Kila mtu ana macho yake. Upana nao tusiuchoshe: sentimita 8 hivi zinamfaa karibu kila mtu, basi. Nataka tuzungumze mkato, kwa sababu ndio jambo ambalo muuzaji hakutajii hata siku moja.

Kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukikata kwa kuzifuata, kitambaa kinakaza, hakivutiki. Ukikata mshazari, kwa pembe ya digrii 45, kinavutika kidogo na kurudi, na tai inaning'inia imenyooka. Aliyeutengeneza mtindo tunaoutumia mpaka leo ni Jesse Langsdorf, mtengeneza tai wa New York, aliyesajili hataza yake miaka ya 1920: kata mshazari, kisha unga vipande vitatu. Kanuni ndiyo hiyo, haina siri. Ubaya wake ni kwamba mshazari unakula kitambaa na kuacha mabaki mengi, na hapo ndipo kiwanda kinachobana matumizi kinapoipindisha pembe kidogo ili kipate tai nyingi zaidi katika kitambaa kile kile. Dukani huioni tofauti. Utaiona shingoni.

Jaribu hivi kabla hujalipa. Ishike tai kwenye ncha nyembamba, iache ining'inie yenyewe, usiiguse. Ikianza kujizungusha, irudishe ilipokuwa, hata kama ni hariri ya mfalme gani. Halafu igeuze. Nyuma, karibu na ncha pana, utakuta mshono mfupi mnene unaoshika pande mbili. Ukizifunua kidogo chini yake, kwenye tai iliyoshonwa kwa mkono mara nyingi kuna kitanzi kidogo cha uzi kinachoning'inia. Huo ndio mwisho wa uzi mmoja uliopita tai nzima, umeachwa umelegea makusudi ili tai ikivutwa iwe na pa kupumulia. Wapo wanaouona, wakadhani fundi kasahau, wakaukata kwa mkasi. Tafadhali, usiukate.

Mwisho, iminye katikati kwa vidole. Ndani kuna kitambaa cha kuipa mwili. Kikiwa cha sufu, ukikiachia kinarudi. Kikiwa kikavu kama kadibodi, mikunjo ya leo utaivaa na kesho.

Sasa tuzipange.

Ya kwanza, na sitajifanya sina upande, ni hariri ya grenadini kutoka Drake's. Hawa walianza London mwaka 1977, na tai ndizo zilizowapa jina. Hakuna aliyenilipa kusema hivyo. Grenadini ni hariri iliyofumwa kwa kuacha vitundu vidogo, na inayosifika zaidi hufumwa Como, Italia. Ule ukwaruzo wake ndio ninaoupenda: fundo likishakaa, limekaa, huhitaji kulipandisha kila baada ya kikao. Ya rangi moja, buluu iliyokolea, inakwenda na shati lolote, iwe harusini au msibani. Mtu akiniambia anataka kumiliki tai moja tu maishani, namtajia hiyo na kunyamaza.

Ya pili ni tai ya kufuma kwa sindano, ile yenye ncha ya mraba. Najua wengi wangeiweka chini, wanaiona ya mwalimu mzee. Lakini fikiria: nyingi hufumwa kama bomba, hazikatwi mshazari wala hazina kitambaa cha ndani, hivyo ugonjwa wetu wa kujisokota hauna pa kuingilia. Ina masharti mawili. Ifungie fundo dogo la kawaida tu, na ukiivua iviringishe uiweke kwenye droo; ukiitundika inarefuka mpaka ikushinde.

Ya tatu, hariri ya kuchapwa. Hapa wenye jina ni E. Marinella wa Napoli, waliofungua duka lao mwaka 1914, na kazi yao ni safi. Nimewashusha kwa sababu moja: hariri laini iliyochapwa inateleza, na anayejifunza kufunga tai hahitaji adui wa pili. Kuna pia ile ya mikunjo saba, kitambaa kinachokunjwa chenyewe bila kujazwa kitu kikubwa ndani. Ikishonwa vizuri ni raha. Siku hizi lakini neno "mikunjo saba" limekuwa mtego wa bei; unakuta mikunjo yenyewe ni ya kupachika pale nchani tu, juu hakuna kitu.

Sufu na kitani ni za msimu. Nzuri, zinashika fundo, ila kitani inakunjamana.

Poliesta: pitisha ule mtihani wa kuning'iniza, ikifaulu, chukua. Ya kubana kwa klipu waachie askari na wanaofanya kazi karibu na mashine, ambao tai ikinasa ni lazima ichomoke.

Kinachoniudhi zaidi ya tai zenyewe ni namna zinavyouzwa. Tai imefungwa ndani ya nailoni, imebandikwa kwenye kadibodi, pembeni kuna leso ya kitambaa kile kile na vifungo vya mikono vinavyong'aa, na bei ya sanduku zima. Uliza kama unaweza kuifungua uitazame nyuma, uone uso unavyobadilika. Lebo nayo inakuambia "hariri asilia 100%", jambo ambalo halisemi lolote kuhusu mkato. Hariri iliyokatwa ovyo inajisokota kama poliesta iliyokatwa ovyo, tofauti ni kiasi ulicholipa. Muuzaji anayekukataza kuinyoosha tai kwa mikono yako ameshakujibu swali lako. Nenda duka la pili.

Kuhusu fundo, nitakuwa mfupi. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walihesabu njia 85 za kufunga tai. Wewe jifunze lile dogo la kawaida, lenye kuegemea upande kidogo, kisha nusu Windsor kwa kola pana. Windsor kamili linakula urefu, na tai nyingi zina sentimita 145 hadi 150 hivi. Mtu mrefu akilifunga, ncha inaishia juu ya kitovu wakati ilipaswa kugusa bizimu ya mkanda. Mrefu atafute tai ndefu, au aliache Windsor. Kabla hujakaza, bonyeza kidole chini ya fundo upate kibonyeo kimoja katikati.

Na jioni usivute ncha nyembamba ikapita ndani ya fundo. Fungua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, ule uzi wa ndani usikatike, kisha iviringishe ilale mpaka asubuhi. Maji ya kufulia iyasikie kwa mbali tu.