Printa ya leza ya rangi na faharasa yake: uchapishaji umeelezwa, mtandao umeachwa gizani

Kwa miezi minane nimetumia printa ya leza ya rangi inayohudumia kompyuta sita kupitia mtandao wa ofisi, na tathmini hii inahusu zaidi sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaifungui kamwe, yaani faharasa ya istilahi iliyo mwishoni mwa mwongozo wake. Mashine yenyewe sina la kuilalamikia: maandishi hutoka makali, na karatasi huchapishwa pande mbili bila kukwama. Hata hivyo, inapopata hitilafu huonyesha neno moja au mawili tu kwenye skrini yake ndogo, na asiyelijua neno hilo hubaki ameduwaa.

Upande wa uchapishaji, faharasa imeandikwa na mtu anayeijua kazi. Inaeleza kwamba tona si wino wa majimaji bali ni unga laini sana wa plastiki uliotiwa rangi. Kwamba leza huchora picha kwa chaji ya umeme juu ya dramu, yaani silinda inayozunguka ndani ya printa, na unga ukanata kulingana na mchoro huo. Na kwamba fyuza huuyeyusha unga kwa joto na mgandamizo mpaka ushike kwenye karatasi. Baada ya kuyasoma hayo ndipo nilipotambua kuwa maandishi yaliyokuwa yakifutika nikiyagusa kwa kidole yalitokana na aina ya karatasi niliyoichagua vibaya kwenye menyu, hivyo fyuza haikupata joto la kutosha. Katriji niliyokuwa karibu kuitupa haikuwa na kosa.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi ilivyotenganisha mambo mawili ambayo watumiaji wengi huyachanganya: kusawazisha rangi na kulinganisha nafasi za rangi. La kwanza hurekebisha kiasi cha unga, la pili hurekebisha mahali unapoangukia. Kwa kuwa sian, majenta, njano na nyeusi huwekwa kila moja peke yake, rangi moja ikisogea hata sehemu ndogo ya milimita jicho huiona. Niliona hivyo kwenye kichwa cha habari cha buluu: upande mmoja wa kila herufi ulikuwa na uzi mwembamba wa majenta, na upande wa pili uzi wa sian. Nilichagua kulinganisha nafasi, na kichwa kikarudi safi.

Maelezo ya idadi ya kurasa kwa katriji nayo ni ya kweli. Yanasema wazi kwamba hesabu hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19798, ambacho kurasa zake za majaribio hutumia takriban asilimia 5 ya ukurasa kwa kila rangi, kwa hiyo anayechapisha picha zinazojaza karatasi asitarajie idadi hiyo.

Ukifika kwenye mtandao, mkono wa mwandishi hubadilika. DHCP imeelezwa kuwa "itifaki ya usanidi badilifu wa seva pangishi", maneno ambayo hayamsaidii yeyote ambaye hakuwa anajua tayari. Ilitosha kusema kwamba ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi, huikopesha printa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, kwa muda, na kwamba anwani hiyo inaweza kubadilika. Asubuhi moja baada ya umeme kukatika, kompyuta zote sita zilionyesha kuwa printa haipo mtandaoni, ilhali taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na kebo imechomekwa. Nilipochapisha ukurasa wa mipangilio nikaona inatumia anwani nyingine, wakati kompyuta zilikuwa zikiendelea kuituma kazi kwenye ile ya zamani. Niliingia kwenye ruta nikaitengea anwani moja ya kudumu kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo printa hutoka nayo kiwandani, na tatizo halijarudi.

Anwani inayoanza na 169.254, ambayo ni ishara ya kawaida kwamba kifaa hakikupata jibu kutoka kwa DHCP, haikutajwa popote. Wala porti 9100 na 631, namba za milango ya mtandao ambayo printa hupokelea kazi, hazimo, ingawa mtu anayeongeza printa kwa mkono huweza kukutana nazo. Upungufu huu unaniuma kwa sababu leza na mtandao vimekuwa pamoja tangu zamani: LaserWriter ya Apple, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa ghali mno kwa mtu mmoja, hivyo iliundwa iweze kutumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao.

Printa naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki nimeizuia kwa ajili ya kurasa hizo za mtandao. Ukurasa wa mipangilio nimeuacha ndani ya trei ya juu, anwani ikiwa imezungushiwa duara.