Saa janja miezi saba mkononi: nikikaa inanipongeza, nikifanya kazi inanigombeza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza. Shilingi 45,000, duka la vifaa vya simu karibu na soko kuu, Mtwara mjini. Kijana alianzia 60,000, nikamwambia mwanangu, mimi natoka Mikindani, sikushuka na meli. Jina la saa silitaji, na hata ningetaka ningeshindwa: boksi lina jina moja, kioo kikiwaka kinaandika jingine, na programu ya kupakua kwenye simu ina la tatu.

Aliyenitia maneno ni binti yangu aliyeko Dar. "Mama, una miaka hamsini na mbili sasa, angalia afya yako, wenzako wanahesabu hatua." Wenzangu gani, hakusema. Mimi naokota korosho, nabangua, nauza kwa pakiti. Lakini mwezi wa nane ulikuwa umetulia, msimu haujaanza, nikasema ngoja tuone.

Kuiwasha kulichukua jioni nzima na bando la mjukuu. Programu ikataka kujua nilipo. Ikataka majina yote yaliyomo kwenye simu. Ikataka kusoma meseji. Ikataka mwaka wa kuzaliwa, urefu na uzito. Nilipoolewa sikuulizwa maswali yote hayo. Kwenye orodha ya lugha nilishuka mpaka kidole kikachoka, Kiswahili hakipo, kwa hiyo inasema nami Kiingereza na mjukuu wa darasa la sita ndiye mkalimani wangu.

Lengo ikanipangia yenyewe: hatua 10,000 kwa siku. Nilidhani madaktari walikaa kikao wakakubaliana. Kumbe ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ya Yamasa ilitoa kidude cha kuvaa kiunoni, ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilipendeza kwa kuuzia. Miaka sitini baadaye imenifikia mkononi ikiwa amri.

Basi Oktoba korosho zikaanza kudondoka vizuri. Naingia shambani saa kumi na mbili asubuhi. Kuokota si matembezi: unainama, ndoo mkono wa kushoto, wa kulia unapekua majani makavu, unaing'oa korosho kwenye bibo lake, unasogea mti hadi mti. Saa tano jua likishakuwa kali natoka, kiuno kimekufa ganzi. Siku ya kwanza nikaitazama saa: hatua 1,140. Chini yake kuna kikatuni kimekaa kwenye kiti, na maneno.

"Bibi, inasema umekaa mno. Inuka unyooshe miguu."

Nilikaa wapi?

Mchana huohuo nikakaa kweli. Mkeka, jiwe, rungu dogo, majivu mikononi kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Saa nilikuwa nimeihamishia mkono wa kulia, wa kushoto ulikuwa umeanza kuwasha kwa jasho. Ko, ko, ko, mpaka adhana ya alasiri. Nanyanyua mkono kutazama saa, fataki zinalipuka kwenye kioo, nyekundu na bluu. Hatua 10,000. Hongera! Mjukuu alicheka mpaka akajilaza chini. Nami sikuwa nimeinuka hata kwenda kunywa maji.

Nikamuuliza fundi simu, akanieleza vizuri. Ndani mna kidubwasha kinachohisi mtikisiko. Miguu hakiijui. Kinachojua ni kwamba mkono ukienda na kurudi kwa mpangilio, hiyo ni hatua. Mkono ulioshika ndoo hauendi popote. Mkono wenye rungu unakwenda kama askari wa gwaride.

Nisiisingizie lakini. Jioni moja nilitembea njia ya pwani hapa Mikindani, mikono mitupu, nikahesabu mwenyewe hatua 500. Yenyewe ikasema 488. Kwa mtu anayeshinda kwenye kiti, halafu jioni akavaa raba akatoka kupunga upepo, saa hii ni ya kweli na ina faida. Ndiye aliyetengenezewa. Ila tia debe kichwani, inua mkono ulishike, umeshaiua. Kutoka shambani kwangu mpaka barabarani ni dakika ishirini na mzigo, na kwa hesabu yake dakika zote hizo nimesimama. Mwaka 1866 Livingstone alipitia hapahapa Mikindani akianza safari yake ya mwisho ya bara. Wale waliombebea mizigo wangevaa saa hii, wangefika Ziwa Nyasa wakiwa wameandikiwa kwamba wamekaa mno.

Bodaboda ikipita kwenye makorongo inanipa hatua kama mia mbili za bure. Nazipokea.

Sasa mapigo ya moyo. Mjukuu, ambaye siku hizi ananishinda kwa utundu, aliifunga saa kwenye mhogo. Mhogo mbichi, umechimbwa jana. Taa za kijani zikawaka chini yake, ikafikiri kidogo, ikatoa jibu: mapigo 76 kwa dakika. Tukauangalia ule mhogo kwa heshima. Taa zile si urembo, zina kazi. Damu hunywa mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa ya mkono, mwanga unaorudi unapungua, na saa inahesabu huko kupungua. Kwangu, nikiwa nimetulia na mkanda umekaza, inalingana na ninavyohesabu kwa vidole shingoni. Kasoro yake ni moja, haijafundishwa kusema sijui. Ikikosa moyo inakutafutia wa kubuni.

Presha ndiyo kabisa. Zahanati, mashine ya muuguzi, ile yenye mkanda unaojaa upepo ukakubana mkono, ilisema 152 kwa 94. Saa ikasema 118 kwa 77. Muuguzi akataka naye apimwe: 117 kwa 76. Mjukuu: 119 kwa 77. Familia nzima ya wazima wa afya, pamoja na serikali.

Kwenye sukari sitanii. Boksi lina picha ya tone la damu, na duka linasema "inapima sukari bila kuchoma kidole." Jirani yangu anaishi na kisukari mwaka wa kumi na moja. Vidole vimemchoka kwa kutobolewa, na vile vijiti vya kupimia anavinunua kwa kujinyima. Aliposikia akaja mbio, akavaa, baada ya chai na maandazi mawili. Saa ikaandika 5.4. Akafurahi hata nikaona haya kumwambia apime na kile kipimo chake cha vijiti. Akapima: 13.8, sukari iko juu. Alikaa kimya kidogo, akanirudishia saa. Angekuwa amenunua ya kwake bila kulinganisha, wiki ileile angeacha dawa. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watu juu ya vitu hivi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Huko kwenye fedha zao hawajaipata, itakuwa hii yangu ya 45,000? Nimelibandika karatasi lile tone la boksi. Na nilirudi dukani kumweleza kijana. Akasema, "Mama, sisi tunauza tu."

Usingizi nao inaupima. Mwezi wa Ramadhani niliitegesha initetemeshe saa kumi usiku, kwenye kioo inaandika 4:00, niamke kula daku bila kumwamsha mtoto. Kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko simu, kuliko jogoo, kuliko vijana wanaopita na madebe. Naamka, nakula, naswali, najilaza tena. Kukipambazuka inanipa alama 38 kati ya 100, na ushauri: usiku wako ulikatika, jaribu kutokula usiku. Wewe si ndiye uliyeniamsha?

Na msibani ivueni. Tumekaa mkekani, kisomo kinaendelea, watu wameinamisha vichwa, mara mkono unaanza kunguruma na kile kikatuni kinaruka ruka kinataka nicheze nacho mazoezi ya viungo. Shangazi aliye pembeni yangu aliutazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi. Nikaisukumia ndani ya kanga na kuikalia.

Kinachonifanya nisiigawe ni kitu ambacho kijana wa duka hata hakukitaja. Nikiwa nabangua mikono imejaa majivu na mafuta, simu siwezi kuigusa. Nina wateja wa Dar wanaoagiza korosho kwa basi, na mtu akishatuma hela nataka nijue hapohapo, nifunge mzigo kabla gari halijaondoka. Zamani kila simu ikilia nanawa, nafuta, naangalia, ni tangazo la bahati nasibu. Sasa natupia jicho mkononi. Tangazo, naachana nalo. Anayepiga ni shemeji wa kukopa, naachana naye. Ikiwa ni hela naiona. Ila hapo napo ina visa: kioo chake ni kidogo, meseji inaikata katikati, kwa hiyo inaandika "Umepokea Tsh" na nukta tatu. Kiasi gani, kanawe mikono.

Betri boksi linasema siku kumi. Kwangu ni nne, tano nikiizima ile ya kupima usingizi, nami nimeizima tangu Idi. Maji inavumilia, naoshea vyombo nayo. Yale majina ya simu niliyaondolea ruhusa na hakuna kilichoharibika, kwa hiyo sijui ilikuwa inayataka ya nini. Labda nayo inataka kujua nani ananidai. Nyota nimeipa mbili, moja ya mtetemo wa daku, moja ya "Umepokea Tsh".

Mkanda ndio umenisumbua mwisho. Mafuta ya korosho yameutia madoa meusi ambayo sabuni imeshindwa, magadi yameshindwa, na tundu ninalolitumia limeanza kuchanika. Nimerudi kwa yuleyule kijana. Mkanda mtupu anauza 8,000. Nimemwambia 5,000 na pakiti moja ya korosho. Anataka pakiti mbili. Jumamosi narudi tena.